Kufundisha Ukarabati wa Ukuta wa Bafu

Mwanachuo anayekwenda mazoezi ya kufundisha Ujiji au Kigoma asishangae kukuta bafu la walimu ambalo lipu yake imebanduka chini ya bomba. Ukuta huo ni zana ya kufundishia isiyonunuliwa.

Mwaka wangu wa kwanza kazini, niliongoza darasa kuziba pengo kama hilo kwa asubuhi moja. Lilipendeza, baada ya mwezi likaanguka. Nilifundisha kupiga lipu, sikufundisha kuuliza maji yanatoka wapi.

Basi somo lianze kwa uchunguzi. Wanafunzi wagonge ukuta kwa mpini wa mwiko; panapolia kama mtungi mtupu, lipu imekwisha achana na tofali ingawa haijapasuka. Bomba lifungwe, bafu lisitumike kwa siku 2. Ukuta ukizidi kulowa, paipu iliyomo ndani inavuja, na fundi aitwe kabla ya mwiko kuguswa.

Ndipo lipu mbovu ibanduliwe hadi penye lipu imara, vumbi lifagiliwe, na tofali lilowanishwe lisije likafyonza maji ya saruji. Kipimo ni saruji 1 kwa mchanga 4. Mchanga wa Ziwa Tanganyika hauna chumvi kama wa baharini, lakini huweza kuwa na matope: utikiswe na maji katika chupa, darasa lione tabaka la matope likitua juu ya mchanga. Likiwa nene, mchanga uoshwe. Saruji mbichi huunguza ngozi. Wanafunzi wapime, mwalimu achanganye.

Lipu mpya inyunyiziwe maji kila siku kwa siku 7, kwa zamu, na bafu libaki limefungwa.