Saa ya Kulala ya Mwanangu Ilipangwa na Foleni

Kwa miezi mingi saa ya kulala ya binti yangu ilipangwa na foleni ya Mbagala, hapa Dar es Salaam. Nikitoka kazini Posta na kubahatika kupata gari mapema, nilifika nyumbani saa moja na nusu usiku; siku mbaya, saa mbili na nusu. Baba yake alichelewa zaidi, na sote wawili tulitaka tumkute macho. Basi mtoto wa miaka miwili akawa analala saa nne usiku, nasi tunajisifu mbele ya wageni: "Huyu hana usingizi kabisa!"

Kumbe usingizi alikuwa nao, ila ulikuwa umeshampita. Dada anayeshinda naye ndiye aliyenifungua macho. Kila ikifika saa moja jioni mtoto hufikicha macho, huvuta sikio, hulilia kikombe kile kile alichokikataa. Asipolazwa hapo hapo, baada ya nusu saa anachangamka na kuruka juu ya kochi kama ndiyo kwanza kumekucha. Mimi nilikuwa nafika wakati wa kuruka huko, nikadhani ni furaha ya kuniona. (Kidogo ilikuwa hiyo pia, nisijidhulumu.)

Hesabu yangu niliianzia asubuhi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili alale jumla ya saa 11 hadi 14 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Wa miaka mitatu na minne, saa 10 hadi 13. Kwetu muda wa kuamka hauna mjadala. Saa kumi na mbili asubuhi ndoo zinagongana, mlango wa geti unalia, naye yuko macho. Akilala saa nne, usiku anapata saa 8. Ongeza 2 za mchana, jumla 10. Kila siku alikuwa na deni, na deni lenyewe alililipa kwa kusinzia tena saa kumi jioni, jambo lililozidi kuufukuza usingizi wa usiku. Ili usiku peke yake umpe saa 10, zile 2 za mchana ziwe juu yake, nikahesabu kurudi nyuma kutoka muda wa kuamka, nikaangukia saa mbili usiku.

Usiku wa kwanza nilimlaza saa mbili kwa mkupuo. Alilia mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Nikaanza upya, nikivuta nyuma dakika 15 tu kila baada ya siku tatu. Ilichukua karibu mwezi.

Kazi ngumu ilikuwa usingizi wa mchana. Niliamua uishe kabla ya saa tisa alasiri, dada akanuna, tena kwa haki: kule kusinzia kwa jioni ndiko kulikompa nafasi ya kupika. Ikabidi mboga ya usiku iive mchana, jioni ibaki kupashwa moto. Ukibadilisha ratiba ya mtoto bila kumuuliza anayeshinda naye, haitafika Ijumaa.

Mengine yalikuwa mepesi. Dar es Salaam jua huzama saa kumi na mbili na ushei mwaka mzima, na giza ndilo linaloufanya mwili utoe homoni ya usingizi, melatonini. Sisi tulikuwa tunalishinda giza hilo kwa taa kali na katuni za kwenye simu. Sasa anakula saa kumi na mbili na nusu, anaoga maji ya vuguvugu kwa sababu ya joto, anaingia kwenye chandarua, anasimuliwa hadithi moja ya sungura. Moja tu, ya pili ni mtego. Televisheni inazimwa.

Mtoto anayekoroma kila usiku, au anayekata pumzi usingizini, huyo si wa kurekebishiwa saa. Mpeleke kwa daktari.

Siku za foleni mbaya namkuta ameshalala, na inaniuma. Baba yake humkosa karibu kila usiku, lakini amejipatia zamu ya asubuhi: anamwogesha na kumnywesha uji kabla ya kwenda kazini. Enzi za saa nne usiku, hata siku moja hakuwahi kumnywesha uji.