Peke Yako Barabarani: Dar es Salaam hadi Mbeya kwa Gari Lako

Wapo watu wengi wenye gari, leseni na likizo ambao kila mwaka huahirisha safari kwa sababu moja tu: hawana wa kwenda naye. Mume hajapata ruhusa kazini, shoga ana mgonjwa nyumbani, ndugu wamebanwa na ada za shule. Makala haya yameandikwa kwa ajili yao. Safari ya gari ya mtu mmoja inawezekana, ni salama ikipangwa vizuri, na ina raha yake: unasimama pale roho inapopenda, unakula ukisikia njaa, na hakuna anayekuharakisha.

Kwanza tuelewe kazi ya mwenzako anayekaa kiti cha mbele. Anaangalia ramani, anapokea simu, anakusemesha macho yakianza kulegea, anabaki na gari ukienda kujisaidia, anakukumbusha kwamba mafuta yanakaribia kwisha. Ukisafiri peke yako, kazi hizo zote zipo palepale na zinahitaji wa kuzifanya. Kupanga safari ya peke yako ni kuzigawa mapema: nyingine ulikabidhi gari lenyewe, nyingine uiachie ratiba, nyingine umpe ndugu aliye nyumbani.

Tuchukue mfano wa barabara kuu ya TANZAM kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya, takriban kilomita 830. Ni lami mwanzo hadi mwisho, miji haiko mbali sana mmoja na mwingine, na mandhari hubadilika kila baada ya saa chache, kuanzia joto la Pwani hadi baridi ya Nyanda za Juu Kusini. Kwa anayeanza kusafiri peke yake, ni njia nzuri ya kujifunzia.

Gawa njia kabla ya kuwasha gari

Wapo wanaoimaliza njia hii kwa siku moja. Usiwaige. Dereva wa peke yake hana wa kumpokea usukani, kwa hiyo lala njiani angalau usiku mmoja, na ukipata nafasi lala mara mbili.

Mgawanyo wa siku mbili ni huu. Siku ya kwanza ni Dar es Salaam hadi Iringa, takriban kilomita 500. Ukiondoka saa kumi na mbili asubuhi, ukapumzika vya kutosha, utaingia Iringa jioni jua halijazama. Siku ya pili ni Iringa hadi Mbeya, zaidi kidogo ya kilomita 300, kupitia Mafinga, Makambako na Chimala. Ukiwa na siku tatu, lala Morogoro au Mikumi usiku wa kwanza. Hapo safari inakuwa matembezi hasa.

Kilomita zisikudanganye kuhusu muda. Malori ya mizigo ya Zambia na Kongo yamejaa njia hii, na karibu na mizani, kama ya Vigwaza au Wenda, foleni yake huweza kuwa ndefu. Vijijini kuna vibao vya mwendo wa 50, na askari wa usalama barabarani wenye tochi za kupimia mwendo huwa hawako mbali. Kiheshimu kibao cha 50 mpaka uone kile kilichofutwa kwa mistari, hata kama nyumba zimeisha na barabara imenyooka. Panga muda ukijua kwamba mwendo wako wa wastani, pamoja na kusimama, utakuwa karibu kilomita 50 kwa saa.

Amri moja isivunjwe: ukifika saa kumi na mbili jioni uwe umeshaegesha. Usiku kuna malori mabovu yaliyoachwa barabarani bila taa, baiskeli zisizo na viakisi, na madereva waliochoka kuliko wewe. Ukiona huwezi kufika ulikopanga, lala mji unaofuata. Hakuna anayekusubiri kiasi cha kuhatarisha maisha yako.

Gari lipelekwe kwa fundi wiki moja kabla

Usilipeleke jana yake. Ukibadilisha kifaa, unahitaji siku chache za kukijaribu mjini, ambako fundi yuko jirani. Mwambie akague breki, feni belti, mipira ya rejeta, betri, oili na taa zote.

Tairi zikague mwenyewe. Inama usome ubavuni mwa tairi, utafute herufi DOT. Mwisho wa mfululizo wake kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Tairi lenye 2316 lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2016. Kashata zake zinaweza kuonekana nzima, lakini mpira umezeeka, na mpira mzee hupasuka kwenye joto na mwendo mrefu. Upepo nao upimwe asubuhi tairi likiwa bado la baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva.

Kisha fanya zoezi ambalo wengi huliruka: toa tairi la spea ukiwa nyumbani, ulifunge mwenyewe kwa jeki na spana zilizomo garini. Hapo ndipo utajua kama spea ina upepo, kama jeki inapanda, na kama nati zilizokazwa na mashine ya gereji zinakubali kufunguka kwa nguvu zako. Zikigoma, nunua spana ya mpini mrefu. Pancha ikitokea mbele ya safari, itakukuta unaijua kazi.

Ndani ya gari kuwe na viakisi viwili vya pembetatu, mtungi wa kuzimia moto ambao muda wake haujaisha, sanduku la huduma ya kwanza, kurunzi, waya za kuazimia umeme, lita tano za maji, na koti zito. Mwezi wa sita na wa saba, Iringa na Mafinga kuna baridi ya kweli. Leseni na bima viwe hai, na nakala zake ziwe kwenye simu.

Mpe mtu wa nyumbani kazi

Chagua mtu mmoja anayepokea simu bila kukosa. Mwandikie namba ya gari, njia utakayopita, mahali utakapolala na namba ya simu ya hapo. Mkubaliane utamtumia ujumbe kutoka miji mnayoijua wote: Chalinze, Morogoro, Mikumi, Iringa. Mkubaliane pia afanye nini ukikaa kimya: baada ya saa ngapi apige simu, na baada ya saa ngapi atafute msaada. Baadhi ya sehemu za mbuga na milimani mtandao ni wa shida, kwa hiyo asishtuke mapema mno.

Ramani ipakue kwenye simu kabla ya kuondoka ili ifanye kazi bila intaneti, na simu iwekwe kwenye kishikio. Ikiita, iache iite mpaka usimame. Namba za dharura ni 112 kwa polisi na 114 kwa zimamoto. Fedha zigawe: nyingine kwenye simu, nyingine taslimu mfukoni, na akiba mahali pengine garini. Mafuta yakifika nusu tangi, jaza.

Soma lugha ya barabara

Barabara hii ina alama ambazo hazimo kwenye vibao. Ukikuta matawi mabichi yametandazwa lamini kwa kupishana hatua chache, jua mbele kuna gari lililoharibika, pengine baada ya kona. Punguza mwendo papo hapo. Gari linalokuja mbele yako likikuwashia taa mara mbili tatu, linakutahadharisha: kuna ajali, ng'ombe au askari. Dereva wa lori akiwasha indiketa ya kushoto, mara nyingi anakwambia pita. Ya kulia anakuzuia. Mshukuru, lakini usipite mpaka macho yako yameona njia nyeupe, maana huenda anataka tu kukata kona.

Kwenye Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, barabara hukatiza hifadhini kwa takriban kilomita 50. Huhitaji kulipa kiingilio ukiwa unapita barabara kuu, na bado unaweza kuona twiga, pundamilia, swala na tembo kutoka kwenye kiti chako. Fuata mwendo ulioandikwa. Kumgonga mnyama kuna faini kulingana na aina ya mnyama. Usishuke garini, na usiwatupie nyani chakula, kwa sababu wakizoea hubaki barabarani wakisubiri magari mpaka wanagongwa.

Baada ya bonde la Ruaha Mbuyuni unakuja mlima Kitonga, wenye kona kali na malori yanayojikongoja. Ukitokea Dar es Salaam unaupanda: ingiza gia ndogo mapema, zima kiyoyozi, na utazame geji ya joto. Ikipanda kupita kawaida, tafuta mahali salama, simama, acha injini ipoe, na usithubutu kufungua kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto. Siku ya kurudi utaushuka. Shuka kwa gia ileile ambayo ungepandia, uiache injini ilishike gari, na breki uzikanyage kwa vipindi. Anayeshuka huku amekanyaga breki muda wote huzichemsha mpaka hazishiki tena. Kupitana kwenye kona za Kitonga ni marufuku, hata kama nyuma wanakupigia honi.

Usingizi ni adui mkubwa kuliko lori

Usiku wa kuamkia safari lala kwa muda wa saa saba au nane. Dawa za mafua na mzio huleta usingizi, kwa hiyo muulize mfamasia kabla ya kumeza. Simama kila baada ya saa mbili, utembee, unywe maji. Chakula cha mchana kiwe chepesi, kwa maana ugali na nyama choma ya kushiba hudai malipo yake saa nane mchana.

Zitambue dalili. Hukumbuki kijiji ulichopita punde hivi, gari limesogea kwenye mstari bila wewe kutaka, kope zinakuwa nzito. Kufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio hakutibu. Dawa ni kusimama kwenye kituo cha mafuta chenye watu, kunywa kahawa, kufunga milango na kulala dakika 15 hadi 20. Kahawa itaanza kufanya kazi wakati unaamka.

Raha iko kwenye kusimama

Vituo vinavyolinda maisha yako ndivyo vinavyoipa safari ladha, basi vipange kwa mapenzi. Ruaha Mbuyuni mibuyu imejaa mabondeni, na vitunguu vimepangwa kando ya barabara vikiwa kwenye nyavu nyekundu. Ilula ni nyanya. Nunua wakati wa kurudi, zisije zikaharibika njiani, na utumie dakika chache kuzungumza na muuzaji. Ndiye ajuaye hali ya barabara leo.

Karibu na Iringa, Lugalo, kuna mnara wa kumbukumbu ya mapigano ya mwaka 1891, ambapo askari wa Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, walikishinda kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski. Fuvu la Mkwawa, lililorudishwa mwaka 1954, limehifadhiwa kwenye makumbusho ya Kalenga, mwendo mfupi kutoka mjini. Ukielekea Mbeya, kilomita 20 hivi kutoka Iringa, kuna Isimila: zana za mawe za watu wa kale na nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na maji. Mbele ya Mafinga utapita misonobari ya Sao Hill, na hewa yake pekee inatosha kukufanya ufungue madirisha.

Jioni, chagua nyumba ya wageni yenye uzio, mlinzi na maegesho ya ndani. Omba uone chumba na ujaribu kufuli kabla ya kulipa. Kwa akina dada hasa, hakuna ulazima wa kumweleza kila anayeuliza kwamba uko peke yako. “Wenzangu wanakuja nyuma” ni jibu linalotosha. Lifti usimpe usiyemjua, hata akiwa na heshima kiasi gani. Kula mahali penye watu wengi, wasalimie wakubwa, uliza habari za pale. Mgeni mwenye salamu hakosi wenyeji.

Usingoje mpaka mtu mwingine apate likizo. Anza na njia fupi, Dar es Salaam hadi Morogoro na kurudi kesho yake, ujipime wewe na gari. Ukishaona unaweza kusimama bila aibu ukichoka, na kulala njiani giza likikukaribia, uko tayari kwa Mbeya.