Anza na Sahani ya Mchana

Wadogo zangu, wengi mnaniletea kilio kimoja: kila Jumatatu mnaapa kuacha soda na rolex, ile chapati ya kuviringishwa na mayai, ikifika Jumatano mko palepale kwa kijana wa chapati. Halafu mnajiita wavivu. Mimi sioni uvivu hapo. Mtu aliyeamka saa kumi na moja alfajiri, akabanana kwenye teksi kutoka Kireka na jioni akakwama kwenye foleni ya Barabara ya Jinja hapa Kampala, hana nguvu ya kutimiza ahadi kumi kwa mpigo. Tisa ziweke kando. Baki na moja: chakula cha mchana.

Kwa nini mchana? Ndicho unachonunua kila siku ya kazi, na unaweza kukirekebisha kwa hela ileile. Tazama sahani ya kibandani kwetu. Waganda wana maneno mawili: emmere, ndiyo matoke, posho (ugali), wali na viazi; na enva, ndicho kitoweo cha kuteremshia. Bei hufuata enva: ukitaja maharage unalipa kidogo, ukitaja nyama unalipa zaidi. Emmere unarundikiwa aina nne, tano, na kwa kuwa bei haibadiliki, tunaona hasara kukataa. Tunakula wanga juu ya wanga, saa tisa tunasinzia kazini, saa kumi tunatafuta soda ituamshe. Chupa ya mililita 300 ina sukari ya vijiko saba hadi vinane vya chai!

Kesho mwambie mama anayekupakulia: "Nnyabo, niwekee matoke na kiazi tu, maharage, na dodo nyingi." Akikudai nyongeza kidogo ya hiyo dodo, yaani mchicha, itoe kwenye hela ya soda. Shirika la Afya Duniani linashauri gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Usijitese kuzifikia wiki hii. Ongeza mchicha huo kwanza. Na ukikuta kiazi chenye nyama ya rangi ya chungwa, kichague, kina vitamini A. Mtafiti wetu Robert Mwanga alikuwa mmoja wa wanne waliopata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, yeye kwa kazi yake juu ya viazi hivyo.

Jioni ni habari nyingine. Ukifika nyumbani saa mbili usiku, huwezi kukaa na sigiri ukingoja maharage yaive. Yaloweke Jumamosi usiku, Jumapili yachemke wewe unafua. Kama huna friji, pika ya siku mbili tu, na uyachemshe upya asubuhi na jioni.

Siku zilizobaki ni za mukene, dagaa wetu wa ziwani. Nunua Kalerwe au Owino waliokauka vizuri. Wamwage kwenye ungo, uokote vijiwe, upepete mchanga, kisha uwakaange kavu kwa moto mdogo bila mafuta, ukigeuza geuza mpaka wavunjike ukiwabana kwa vidole. Wakipoa, watie kwenye kopo lenye kifuniko. Jioni unateka viganja viwili, unawatia kwenye kitunguu, nyanya na karanga za kusaga, na mboga imekamilika kabla jirani hajamaliza kuwasha makaa yake. Dagaa huliwa na mifupa yake, ndiyo maana ana kalsiamu nyingi, na fungu lake ni rahisi kuliko nyama.

Siku ukichelewa ukala rolex, usijilaumu. Ina mayai, nayo ni chakula. Mwombe kijana apunguze mafuta, aongeze kabichi na nyanya, na uteremshie kwa maji. Kinachonihuzunisha ni binti anayelala na njaa ili "afidie", kisha kesho anaamkia mandazi manne.

Fanyeni hivyo wiki mbili, halafu mniandikie. Nitasoma kila barua. Ila kesho saa saba mchana, ukishika foleni kibandani, taja dodo kabla ya posho.