Bomba kuu la nyumba liko wapi?

*Birika letu lina ukoko mweupe na sabuni haitoi povu. Tunataka kufunga mtambo wa kulainisha maji ya nyumba nzima, lakini fundi anauliza bomba kuu lilipo, nasi hatulijui.*
*Msomaji, Dodoma*

Ukoko huo ni wa kalisiamu na magnesiamu ambazo maji huziyeyusha kwenye miamba. Kwa kawaida hauleti madhara ya kiafya, ila huharibu hita na kuziba mabomba.

Kwenye nyumba isiyo na tangi, bomba kuu ni lile linalotoka kwenye mita kuingia ndani. Lakini nyumba nyingi zina tangi la juu, na hapo ndipo wengi hukosea: bomba linalotafutwa ni lile linaloteremka kutoka kwenye tangi, kabla ya kugawanyika kwenda bafuni na jikoni. Ili kuhakikisha, koki yake ifungwe, kisha mabomba yote ya ndani yafunguliwe. Moja likiendelea kutiririka, ujue linapata maji moja kwa moja kutoka kwenye mita.

Presha nayo ni muhimu. Kila mita 1 ya kimo cha tangi hutoa takribani baa 0.1 tu, na mitambo mingi huhitaji zaidi ya baa 1. Bila pampu ya kuongeza presha, maji yatachuruzika. Bomba la bustani liachwe nje ya mtambo, kwani sodiamu ambayo mtambo huongeza kwenye maji haifai kwa mimea.

Mtambo huu hauondoi chumvi. Kama maji yana ladha ya chumvi, yapimwe maabara kabla ya kununua chochote.