Njia ya watalii msituni: tuanze kuhesabu lini?

Swali: Kijiji chetu kinataka kuchonga njia ya watalii wa miguu katika msitu jirani na Amani, Usambara Mashariki. Tutajuaje kama kazi inawadhuru wanyama?

Jibu: Hesabuni kabla panga halijagusa kichaka, la sivyo mtakosa cha kulinganisha. Piteni usiku na tochi: vinyonga waliolala kwenye ncha za matawi huonekana weupe-weupe. Andikeni idadi na mahali, kisha rudieni wakati wa kazi na baada yake, pia katika eneo lisilo na njia. Kila asubuhi kagueni viota. Penye mayai au makinda, zungukeni au subirini. Msifungue mwanya mkubwa wa jua, kwani musizi, mti vamizi, humea hapo upesi. Vinyonga wakipungua kandokando ya njia pekee, simamisheni kazi mtafute chanzo.