Bwana Msa, Danieli, na Jirani Yetu

SOMO LA KUJIFUNZA KATIKA JUMUIYA

Mafungu ya kusoma: Mhubiri 7:10; Kumbukumbu la Torati 19:15-20; Mithali 18:13 na 17; pia habari za Susana na za Beli, katika nyongeza za kitabu cha Danieli.



Jumapili moja baada ya ibada vijana wetu walikuwa wamesimama nje ya kanisa, wakisimuliana mchezo wa upelelezi walioutazama katika televisheni. Mzee mmoja aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akawaambia, "Nyinyi hamkumjua Bwana Msa." Wazee wenziwe wakacheka kwa furaha. Mmoja akakumbuka kiko chake, mwingine akakumbuka jina la Najum, rafiki yake, na kwa muda mrefu hakuna aliyeaga kwenda nyumbani. Nilipofika kwangu nilijiuliza: Je, hamu hii ya hadithi za zamani ni kitu gani? Na sisi Wakristo tuna la kujifunza ndani yake?

1. Bwana Msa ni nani?

Kwa faida ya wasiomjua, Bwana Msa ni mpelelezi wa kubuniwa katika riwaya za Muhammed Said Abdulla. Mwandishi huyu alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alianza kazi katika idara ya afya, akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari mwaka 1948, na kuanzia 1958 hadi 1968 alikuwa mhariri wa gazeti la Mkulima. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki ya 1957-58, ikachapishwa mwaka 1960. Zikafuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974) na nyinginezo, hata Kosa la Bwana Msa (1984). Mwandishi alifariki mwaka 1991.

Tukumbuke kwamba televisheni ilianza Zanzibar mapema katika miaka ya 1970, lakini huku Bara tulingoja mpaka 1994. Kwa hiyo wengi wa wazee wetu hawakumwona mpelelezi kwa macho. Walimsoma kwa mwanga wa koroboi, na kitabu kimoja kilizunguka nyumba kumi mpaka jalada likang'oka.

2. Kwa nini tunamtamani?

Kwanza, yapo mambo ya kawaida ya moyo. Mtu akimkumbuka Bwana Msa, anakumbuka pia ujana wake, shule yake, na ndugu aliyemwazima kitabu, ambaye pengine amekwisha kulala katika Bwana. Hilo si dhambi. Lakini Mhubiri anatuonya tusiulize kwa nini siku za kwanza zilikuwa bora kuliko hizi, kwa maana swali hilo halitoki katika hekima. Siku zile za Bwana Msa nazo zilikuwa na wezi, waongo na wauaji. Bila hao hadithi zisingekuwapo!

Pili, na hili ndilo kubwa, katika hadithi hizo ukweli hutafutwa mpaka upatikane. Katika ile ya kwanza mtu ameuawa penye mzimu, na watu wako tayari kusema kwamba wazee wa kale wamekasirika. Bwana Msa hawatukani watu hao wala imani yao. Anavuta kiko chake, anasikiliza, anauliza maswali madogo madogo, na mwishowe anaonyesha kwamba aliyeua ni mkono wa binadamu. Hana bunduki wala mbio za magari.

Hata Wazungu wana hamu ya namna hii. Wamarekani walikuwa na mchezo wa televisheni uitwao Columbo, ulioanza mwaka 1968 na kumalizika 2003, na mpaka sasa watu wa nchi nyingi wanautazama tena na tena. Mpelelezi wake, aliyeigizwa na Peter Falk, huvaa koti lililochakaa na huonekana kama mtu asiyejua kitu. Muuaji, ambaye mara nyingi ni tajiri au msomi, humdharau. Mpelelezi huaga, hufika mlangoni, kisha hugeuka na kuuliza swali moja lililobaki. Ajabu ni kwamba watazamaji wanamjua muuaji tangu mwanzo. Kinachowarudisha ni kuona mnyenyekevu akimshinda mwenye kiburi kwa subira na ukweli.

3. Danieli mpelelezi

Ndugu, jambo hili si geni katika Maandiko. Ziko habari mbili ambazo baadhi yetu hatujazisoma, kwa kuwa ziko katika Apokrifa. Makala ya Dini ya Kanisa letu, katika Makala ya Sita, yanatufundisha kwamba vitabu hivyo husomwa kwa mfano wa maisha na mafundisho ya mwenendo, ingawa hatuthibitishi kwavyo fundisho la imani.

Habari ya kwanza ni ya Susana, mke wa Yoakimu. Wazee wawili waliokuwa waamuzi walimtaka kwa ubaya, naye akakataa. Wakamshitaki kwamba wamemkuta na kijana chini ya mti bustanini. Mkutano ukawaamini kwa sababu ya vyeo vyao, akahukumiwa kufa. Hapo kijana Danieli akapaza sauti, akawaomba watu warudi barazani. Akawatenga wale wazee, akamwuliza kila mmoja peke yake swali moja tu: Uliwaona chini ya mti gani? Wa kwanza akataja mti mmoja, wa pili akataja mti mwingine kabisa. Uongo wao ukawa wazi, na mwanamke asiye na hatia akaokoka.

Habari ya pili ni ya sanamu ya Beli. Kila siku ilitengewa unga, divai na kondoo 40, na asubuhi vyakula vyote havipo. Mfalme akaamini kwamba mungu huyo anakula kweli. Danieli akanyunyiza majivu sakafuni mbele ya mfalme, mlango ukafungwa na kutiwa muhuri. Kulipokucha, muhuri ulikuwa mzima na chakula kimekwisha, lakini katika majivu palikuwa na nyayo za wanaume, wanawake na watoto. Makuhani 70 pamoja na jamaa zao walikuwa wakiingia usiku kwa mlango wa siri chini ya meza.

Tuangalie: Danieli aliomba Mungu, na pia aliuliza swali. Alikuwa na imani, na pia alinyunyiza majivu.

4. Yaliyotupata sisi

Sasa niseme jambo linalonihusu mimi mwenyewe. Nilikuwa mwanachama wa kikundi kimoja cha kuweka na kukopa hapa Babati. Sanduku letu lilikuwa na kufuli tatu, na funguo zilishikwa na watu watatu. Sanduku lenyewe lilikaa nyumbani kwa mama mmoja mjane, mtu mzima. Tulipolifungua mwisho wa mwaka ili tugawane, zilipungua shilingi 180,000. Kufuli zote zilikuwa nzima.

Hakuna aliyesema wazi kwamba mama yule ni mwizi. Walisema neno baya kuliko hilo. Walinong'ona kwamba ni "chuma ulete", kwamba fedha zimevutwa kwa uchawi. Sokoni wengine wakaacha kununua vitunguu kwake, wakiogopa chenji ya mkono wake. Naye akaacha kuja kikundini, kisha akaacha kuja hata kanisani.

Miezi mitatu baadaye mwenzetu mmoja alirudi kutoka Katesh, alikokwenda kumwuguza baba yake. Alikuja na kitabu chake cha mwanachama mkononi, akitaka kulipa mkopo wake wa shilingi 180,000. Mkopo ule ulitolewa siku ya mvua kubwa, tukiwa wachache. Uliandikwa katika kitabu chake, lakini haukuandikwa katika daftari la kikundi.

Ndugu zangu, siku ile ya mvua mimi nilikuwapo. Kama mtu mmoja angeuliza, "Nani hayupo leo, na alikopa lini?", ningekumbuka. Hakuna aliyeuliza, wala mimi sikujiuliza. Nilikuwa nimesoma hadithi za Bwana Msa zaidi ya mara moja, lakini mambo yaliponifika nilikuwa mmoja wa wale waliosimama penye mzimu wakisema wazee wa kale wamekasirika.

Nilikwenda kwake kuomba radhi. Alinipa kiti, akaninywesha chai, kisha akasema, "Mwanangu, nyinyi mlikuwa wengi, na mimi nilikuwa peke yangu." Sikuwa na jibu.

Torati inaagiza kwamba neno lithibitike kwa mashahidi wawili au watatu, na waamuzi waulize kwa bidii. Mithali inasema anayejibu kabla ya kusikia ni mpumbavu. Wahenga nao walisema: Lisemwalo lipo, kama halipo linakuja. Tuwe waangalifu na methali hiyo. Mara nyingine lisemwalo halipo kabisa, na linalokuja ni majuto.

5. Pale hadithi zinapoishia

Hadithi ya upelelezi humalizika mwovu akishikwa. Injili haiishii hapo. Mungu ndiye aliyeuliza kwanza: alimwuliza Adamu yuko wapi, na Kaini alimwuliza habari za ndugu yake. Hakuuliza kwa kutojua. Aliuliza ili mwenye kosa aseme mwenyewe, apate njia ya kurudi.

Mwandishi Mwingereza G. K. Chesterton alitunga tangu mwaka 1910 hadithi za padre mpelelezi aitwaye Father Brown. Padre huyu huwatambua waovu kwa sababu anaujua kwanza moyo wake mwenyewe, kwamba nao ungeweza kutenda yale yale. Kwa hiyo humtafuta mkosaji ili amrudishe kwa Mungu. Huo ndio upelelezi wa Kikristo: kuanza na nafsi yangu, kumlinda asiye na hatia, na kumfungulia mlango aliyekosa.

Basi wazee wetu waendelee kumsimulia Bwana Msa, na vijana wasikilize. Lakini hamu hiyo na itufikishe kwa jirani anayenong'onwa wiki hii.

Maswali ya kujadiliana

1. Je, yuko mtu katika mtaa wetu aliyehukumiwa kwa minong'ono? Nani amekwenda kumsikiliza?
2. Danieli aliuliza swali gani, na kwa nini wengine hawakuliuliza?
3. Kikundi chako kina daftari? Nani hulihakiki, na mara ngapi?
4. Ukigundua kwamba ulimdhania mtu vibaya, utamwomba radhi faraghani au mbele ya wale waliosikia?

Sala

Ee Mungu, ujuaye siri za mioyo yote, utupe masikio ya kusikiliza kabla ya kuhukumu, na ujasiri wa kuuliza pale wengi wanaponyamaza. Uwafariji waliosingiziwa, uwarudishe waliokosa, na utusamehe sisi tuliokuwapo tusiseme neno. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.