Ganda la Korosho na Chanzo cha Teknolojia ya Kemia

Mbanguaji wa korosho wa Newala au Masasi ajua vyema kwamba ganda lina mafuta yababuayo ngozi. Ndiyo maana huzichoma kwanza. Ajua pia kwamba maji ya mabibo yakichacha huwa uraka, na uraka ukikenekwa hutoa nipa. Ujuzi huo si haba, lakini haujawa bado elimu ya teknolojia ya kemia. Kimepungua nini?

Mwaka 1777 Johann Beckmann, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Göttingen, Ujerumani, alitoa kitabu kilichoufanya ufundi wa viwandani kuwa somo la chuo. Hata hivyo kila kazi ilielezwa peke yake. Mwingereza George E. Davis, aliyekuwa mkaguzi wa viwanda vya kemikali, aliona jambo jingine: kazi za namna moja, yaani kupasha moto, kukausha, kuchuja na kukeneka, hujirudia katika kila kiwanda. Mwaka 1887 alianza kulifundisha jambo hilo mjini Manchester. Mwaka uliofuata chuo cha MIT, Marekani, kilianzisha mafunzo yake.

Na tuirudie korosho. Kiwandani huzamishwa katika mafuta ya maganda yenyewe, yaliyopashwa moto kufikia takriban nyuzi 190 za Selsiasi, kwa muda wa dakika moja au mbili. Joto likipungua, ganda halitoi mafuta. Likizidi, kiini huungua. Basi swali la kwanza ni la joto: hupitaje gandani, na kwa kasi gani? La pili ni la kemia. Katika joto hilo tindikali ya anakadi, iliyo sehemu kubwa ya mafuta hayo, hupoteza kaboni dayoksaidi na kugeuka kadanoli. Kadanoli ikiunganishwa na fomaldehaidi hutoa utomvu mgumu unaotumika katika pedi za breki na vanishi. Mkaanga korosho huyafanya yote mawili bila kuyapima.

Katika miaka ya 1970 Tanzania ilijenga viwanda vikubwa vya kubangua korosho, vikiwamo vya Newala na Masasi. Mavuno, yaliyofikia kiasi cha tani 145,000 msimu wa 1973/74, yakaporomoka, na vingi vikafungwa. Korosho ghafi ikasafirishwa India pamoja na ganda lake, ambalo takriban robo ya uzito wake ni mafuta. Wanakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hawakuyaacha: mwaka 2008 ilichapishwa kazi yao ya kuitenga tindikali ya anakadi bila kuiharibu kwa moto, wakitumia kaboni dayoksaidi iliyogandamizwa kwa kani kubwa.